Je, wajua kwa nini ua la nyanya humngoja nyuki wa porini?

Ukiweka mzinga wa nyuki wa asali pembeni ya shamba la nyanya pale Ilula, mkoani Iringa, nyanya zenyewe hazitafaidika sana. Sababu imo ndani ya ua. Vifuko vya chavua vya mnyanya vimeshikana vikawa kama koni ndogo ya njano, na chavua imefungiwa humo mpaka itikiswe. Tena ua hilo halina nekta, ndiyo maana nyuki wa asali hulipita.

Anayeliweza ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao za kenchi. Hulikumbatia ua, huing'ata koni, kisha hutetemesha misuli ya kurukia huku mabawa yametulia. Mtetemo hufika mara mia kadhaa kwa sekunde, na chavua humwagikia tumboni kama unga kwenye chekeche. Upepo nao hutikisa, lakini tunda lililopata chavua haba huwa na mbegu chache na hubaki dogo. Ngogwe na bilinganya ni hivyo hivyo.

Kujua kama wanakuja, chungulia maua asubuhi jua likishapanda: madoa ya kahawia kwenye koni ni alama za meno yao. Kwa uhakika zaidi, funika vichala 20 kwa neti isiyo na dawa kabla havijachanua, acha 20 wazi kwenye miche hiyo hiyo, vyote uvifunge uzi wa alama. Maua yakinyauka toa neti, maana ikikaa sana kivuli chake kitavuruga kipimo. Mavunoni pima uzito, hesabu mbegu.

Kujua ni nyuki gani waliopo shambani, watafiti hutega bakuli za njano, nyeupe na buluu zenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, ili mdudu azame. Hunasa zaidi nyuki wadogo. Wakubwa hufuatwa kwa wavu. Mdudu asiye na lebo ya mahali, tarehe na ua alilokutwa hana faida kwa sayansi.

Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, aliingia nchini mwaka 2014, na dawa zinazopigwa kumzuia huua pia wachavushaji. Hasara hiyo ni nzito, kwa sababu jike wa nyuki huyu mweusi hutaga mayai machache tu maishani. Ikibidi kupulizia, subiri jioni nyuki wamerudi. Acha gogo kavu mpakani, na ukingo usiolimwa kwa nyuki wachimbao udongo. Ukiona nguzo ya banda ina tundu la duara, upana wa sentimita moja hivi, usilizibe: ndani mna vyumba vilivyopangwa mstari, kila kimoja na donge la chavua na yai moja juu yake.