Kwa nini teluri inatangulia iodini

Pitisha kidole kwenye jedwali radidia la elementi kutoka kushoto kwenda kulia: karibu kila mahali uzito wa atomi unaongezeka, hatua kwa hatua. Ukifika kwenye teluri mambo yanageuka. Teluri ina uzito wa 127.6, na iodini inayoifuata ni nyepesi zaidi, 126.9. Si kosa la uchapaji.

Mrusi Dmitri Mendeleev alichapisha jedwali lake mwaka 1869, elementi zinazojulikana zikiwa 63, akazipanga kwa uzito. Lakini iodini ina tabia za klorini na bromini, basi akaiweka pamoja nazo, akidhani teluri imepimwa vibaya. Hapo alikosea, ingawa kuipanga aliipanga sawasawa. Sababu ilijulikana mwaka 1913, Mwingereza Henry Moseley alipochunguza eksirei zinazotolewa na elementi. Kinachopanga ni idadi ya protoni katika kiini cha atomi, yaani namba atomia: teluri 52, iodini 53. Protoni hazina nusu wala robo, hivyo kati ya hizo mbili hakuna elementi iliyojificha. Uzito hujumlisha na nyutroni, chembe nyingine za kiini, ndiyo maana hupotosha.

Namba hutoa foleni tu. Umbo la jedwali hutokana na elektroni, chembe zilizo nje ya kiini. Hizi hukaa katika matabaka, na kila tabaka jipya likianza, mstari mpya wa mlalo huanza. Tabia hurudi tena, na kuradidi ndiko huko. Sodiamu na potasiamu zina elektroni moja moja katika tabaka la nje, na zote huchachamaa zikigusa maji. Heliamu inazo mbili tu, lakini tabaka lake limejaa, kwa hiyo imewekwa juu ya neoni, miongoni mwa gesi zisizojishughulisha na wengine. Mistari ni 7, safu wima 18, elementi 118. Vipande viwili vya chini vimetengwa kwa sababu karatasi ingekuwa pana mno, basi.

Mendeleev aliacha pia nafasi wazi kwa elementi ambazo hazijagunduliwa. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, iliyojaza mojawapo ya nafasi hizo, akapima densiti yake akapata gramu 4.7 kwa sentimita ya ujazo. Mendeleev, ambaye alikuwa hajaiona metali hiyo, alimwandikia kwamba inapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa akaisafisha vizuri zaidi, akapima upya. Ilikuwa 5.9.