Acheni kuchemsha vitunguu saumu vya kuku

Swali ni lile lile: "Daktari, broila (kuku wa nyama) wana siku 28, hata kilo hawajafika. Niwape tangawizi kiasi gani?" Usiwape. Kapime chakula kwanza. Stata, yaani chakula cha vifaranga, yenye protini chini ya asilimia 21 haiokolewi na kiungo chochote. Wala kiungo si chanjo ya magonjwa kama mdondo wala Gumboro. Hapo sina la kuongeza.

Kinachonichosha zaidi ni sufuria. Kitunguu saumu kizima hakina alisini ya maana, ile kemikali inayotafutwa ndani yake. Hutokea punje ikipondwa, kimeng'enya chake kikafanya kazi. Ukizichemsha nzima, umekiua kimeng'enya kabla hakijaanza, na kuku wanakunywa maji yenye harufu tu. Ponda, acha dakika 10, chuja vizuri (makapi huziba chuchu za mabomba), tumia siku hiyohiyo, yaliyobaki mwaga.

Kwenye chakula, kipimo kinachojaribiwa sana ni gramu 5 za unga mkavu wa kiungo kwa kilo ya chakula, yaani gramu 250 kwa mfuko wa kilo 50. Gramu, si viganja! Na ni unga mkavu: tangawizi mbichi sehemu kubwa ni maji, na ukiitia kwenye mfuko wa chakula unakaribisha ukungu, kisha sumukuvu (sumu ya ukungu). Changanya gramu 250 na kilo 2 za chakula, ongeza hadi kilo 10, ndipo umalizie mfuko. Ukinyunyiza juu juu, kuku wanadonoa chenga na unga unabaki chini ya chombo.

Pilipili? Ndege hawasikii ukali wake, kwa hiyo kuila kwa pupa si ushahidi wa kitu. Atakayepiga chafya ni wewe. Manjano nayo sehemu kubwa hutoka na kinyesi. Ngozi ya njano huletwa hasa na mahindi ya njano, na sisi tunasaga meupe.

Je, viungo vinakuza? Majaribio yanapingana: kundi hili limeongezeka uzito, lile halikutofautiana na wasiopewa. Ninashuku faida huonekana zaidi pale matumbo yalipokwisha kuvurugwa na maranda mabichi ya kutandika banda, na hapo dawa ya bei nafuu ni kubadilisha maranda.

Ukitaka kujua kwako, tenga kuku 50 wa umri mmoja bila kiungo, banda lilelile. Siku ya 35 pima pande zote mbili, gawanya kilo za chakula kilicholiwa kwa kilo za uzito ulioongezeka, kisha jumlisha bei ya unga.