Ada Yote Hii, Mtoto Anacheza Maji?

Swali hili hulipata getini, saa za kuchukua watoto, hasa ada ikiwa ndiyo kwanza imelipwa. Mzazi amepekua begi la mwanawe wa miaka 4: daftari halina hata herufi moja, shati limelowa, mfukoni mchanga. Chekechea ya mtaani kwao, watoto wa rika hilohilo wanajaza kurasa za a, e, i, o, u. "Sasa mwalimu, tunalipia nini?"

Kazi yangu ni kuwanoa walimu wa elimu ya awali, na madarasa ya kimataifa hapa Mwanza huyaangalia nikiwa nyuma kabisa, kwenye kiti kidogo kinachonitesa magoti. Siku moja walikuwa watoto wawili kwenye karai la maji. Mmoja wa Nyegezi, maneno kama cherehani. Mwenzake mgeni nchini, wiki ya tatu hajatamka neno darasani. Wa Nyegezi akamimina maji ya kikombe kipana kwenye chupa nyembamba, yakapanda. "Yangu yameongezeka!" Mgeni akaichukua chupa, akayarudisha kikombeni. Yakafika palepale. Wakarudia mara sita. Mwalimu alisimama hatua mbili kutoka hapo, akanyamaza, na kunyamaza kule kunasomewa.

Jean Piaget wa Uswisi alilichunguza jambo hili karne iliyopita: kabla ya kama miaka 7, mtoto hupima wingi wa maji kwa urefu wake. Ukimweleza, atakuitikia tu. Akimimina mwenyewe tena na tena, ndipo inamwingia taratibu. Anayekariri 1 hadi 100 bila kushika vitu vya kuhesabu, huyo anaimba.

Mkono nao una zamu yake. Katika umri huo mifupa midogo ya kifundo cha mkono mingi bado ni gegedu, yaani haijakomaa kuwa mifupa migumu. Kukanda unga, kuchambua dagaa, kubana vibanio vya nguo: hayo ndiyo maandalizi ya penseli.

Turudi kwa yule mgeni. Mtoto aliyetumbukizwa katika lugha mpya anaweza kukaa kimya wiki kadhaa, hata miezi, huku akisikiliza. Ila kama hata nyumbani haongei, au haitiki akiitwa, apelekwe hospitali apimwe masikio.

Kinachonikera ni nyumba zilizopiga marufuku Kiswahili na Kisukuma eti Kiingereza kikolee. Bibi katoka Magu, anakatazwa kumsalimia mjukuu kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Hapo mnakosea. Lugha ya pili huegemea ya kwanza: hadithi za bibi humpa mtoto msamiati, mpangilio wa matukio, na hamu ya kujua kilichofuata, na vyote hivyo anaingia navyo kwenye Kiingereza. Akisema "Mama, naomba water", hajachanganyikiwa. Anachota kwenye mitungi miwili.

Swali ambalo ningependa kuulizwa getini, na sijaulizwa bado, ni hili: maji ya karai yametoka wapi? Yawe ya bomba, yamwagwe kila siku. Ya kuchota ufukweni hapana, kwa kuwa kichocho kipo katika ziwa letu na hupenya kwenye ngozi bila mtoto kunywa hata tone. Ukishajibiwa, muwekee nguo za kubadilisha kwenye begi. Kesho atalowa tena.