"Hotel California" Haikuwa Kanisa la Shetani

Wimbo "Hotel California" wa bendi ya Eagles ya Marekani unapopigwa ndani ya matatu jijini Nairobi, aghalabu hatakosekana abiria wa kudai kwamba hoteli hiyo ni kanisa la Shetani, na kwamba mwasisi wake, Anton LaVey, anaonekana roshanini katika picha ya ndani ya jalada. Madai hayo hayana msingi.

Albamu yenye wimbo huo, iliyopewa jina hilohilo, ilitoka Desemba 1976. Jengo lililo kwenye jalada la mbele, lenye minara na mitende wakati wa machweo, ni Beverly Hills Hotel, ambayo hadi leo hupokea wageni (wenye mifuko mizito, bila shaka). Muziki wa wimbo huo ulibuniwa na mpiga gitaa wa bendi, Don Felder, nao wenzake Don Henley na Glenn Frey wakaandika maneno. Henley ameeleza mara kadhaa kwamba walikusudia anasa iliyopita kiasi na upande wa giza wa ndoto ya Marekani. Kinachostahili kusikilizwa kwa makini zaidi, kwa maoni yangu, ni magitaa ya mwishoni, ambapo Felder na Joe Walsh, aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga na bendi, wanapokezana kabla ya kupiga kwa pamoja.