Baipola na kiwewe vikikukuta pamoja, anza na usiku

Wagonjwa wangu wenye baipola na ugonjwa wa kiwewe kwa pamoja hutofautiana kwa mengi, ila karibu wote huniambia kwamba kinachowatisha zaidi ni saa ya kulala. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya. Ndugu zao huja wakiuliza dawa ipi ina nguvu zaidi, au kama haya mambo yanapona kabisa, na maswali hayo yana majibu yake. Mimi huanza kwa kumuuliza mgonjwa alilala kwa saa ngapi jana na juzi, kisha namuuliza ni nani pale nyumbani anayejua kwamba hakulala. Hilo swali la pili ndilo lililonifanya niandike.

Kiwewe kwanza. Hapa kwetu nakiona kwa madereva na utingo walionusurika kwenye mteremko wa Iwambi au Kitonga, kwa wanawake waliobakwa au waliopigwa na waume zao miaka nenda rudi, kwa vijana waliofiwa na wazazi wote wawili wakiwa wadogo. Tukio limepita, lakini mwili bado unaishi ndani yake. Honi ya lori inamtoa mtu jasho, harufu ya dizeli inamrudisha barabarani, anakwepa njia ile, anakwepa watu, analala ameelekeza macho mlangoni. Kushtukashtuka hivyo kwa wiki mbili tatu baada ya ajali ni kawaida, na wengi hutulia wakiwa na watu wao. Hali ikivuka mwezi na mtu ameshindwa kazi au ndoa inayumba, ndipo tunasema ni ugonjwa, ule ambao wengi mmeuona ukiandikwa PTSD. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 70 hivi katika kila 100 hupatwa na tukio zito la namna hii maishani mwao, na kati ya wanaopatwa, wanaobaki na ugonjwa hawafiki 6 katika kila 100. Katika hao wanaougua, hadi 40 kwa kila 100 hupona ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hizi nazitaja mapema kwa sababu anayekuja kliniki kwa kawaida amekwisha kujihukumu kuwa ameharibika moja kwa moja.

Baipola ni jambo jingine. Hapo hali ya moyo yenyewe hupanda na kushuka, kwa majuma au kwa miezi. Akipanda, mtu analala kwa saa mbili tu na kuamka ana nguvu, anaongea bila kituo, ana mipango kumi ya biashara, anakopa, anagawa, anagombana na kila anayemzuia. Akishuka inakuwa sonona: kutoka kitandani ni kazi, chakula hakina ladha, mawazo ya kufa yanamzunguka. Katikati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima kabisa, analima, anafundisha, analea watoto. Ugonjwa huu hutunzwa kwa miaka, kama presha. Mwaka 2019 watu waliokadiriwa kuishi nao duniani walikuwa milioni 40.

Magonjwa haya yakikutana, kila moja hulichokoza lenzake, na mahali pa kuchokozana ni usingizi. Mwenye kiwewe hataki kulala kwa sababu ndoto zinampeleka kulekule. Anakesha na simu, au anakunywa pombe za kienyeji, komoni na ulanzi, ili apitiwe. Sasa mwenye baipola akikosa usingizi siku mbili tatu mfululizo anaweza kupanda, na akishapanda anajitia kwenye hatari: anapigwa, anadhulumiwa, anafungwa kamba. Anaporudi chini anakuta ana kiwewe kipya juu ya kile cha zamani. Nimewasikia wengi wakisimulia siku waliyofungwa kamba na kupakiwa kwenye bodaboda kwenda hospitali kwa uchungu kuliko wanavyousimulia ugonjwa wenyewe.

Nieleze kwa mfano wa mtu mmoja, ingawa nimeunganisha habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Dereva wa lori, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Breki zilimgomea mteremkoni, yeye akatoka mzima, utingo wake akafa. Miezi mitatu baadaye alikuwa halali, na akisikia honi anaruka. Alikokwenda kutibiwa akaambiwa ana msongo wa mawazo, akaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona. Wazo hilo lina msingi, maana dawa za sonona, hasa setralini na fluoksetini, ndizo zinazotangulia kwa mtu mwenye kiwewe peke yake. Lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu kipindi kile cha ujana wake alipokesha wiki nzima akihubiri stendi na kugawa nguo zake. Kwa mwenye baipola, dawa ya sonona ikitolewa bila dawa ya kutuliza hali ya moyo inaweza kumpandisha. Wiki ya tatu alikuwa amekopa kwenye vikoba viwili, ameuza pikipiki ya mdogo wake, na usiku anazunguka eneo la Nane Nane hapa Mbeya akisimamisha magari. Nyumbani wengine walisema mapepo. Wengine walisema marehemu utingo anamdai.

Kwa hiyo utaratibu ni kutuliza kwanza kupanda na kushuka, kisha kukiendea kiwewe. Na wewe unayekwenda kutibiwa ndoto mbaya au sonona, tafadhali mwambie mhudumu hata asipokuuliza: je, uliwahi kuwa na siku kadhaa ambazo hukulala na hukuchoka, ukajiona unaweza kila kitu? Je, kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa hivyo? Majibu hayo mawili hubadilisha dawa utakayopewa.

Kuhusu dawa zenyewe nina machache ambayo huku nyanda za juu kusini yana uzito wake. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za baipola, na ni moja ya chache zilizoonekana kupunguza watu kujiua. Inahitaji kupimwa damu, kwa sababu kiasi kinachotibu na kinachodhuru viko karibu. Anayeitumia akishinda shambani bila kunywa maji, akiharisha, au akimeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, lithiamu inaweza kupanda mwilini mpaka mikono ikatetemeka na kichwa kikachanganyikiwa. Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kifafa, nayo hutumika kwa baipola. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo hili nalisisitiza kila mara: kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ya VVU, na mtu anayetumia zote mbili huhitaji dozi ya dolutegraviri irekebishwe. Hupunguza pia nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Valproeti, dawa nyingine ya baipola, humletea madhara makubwa mtoto aliye tumboni, takribani mtoto 1 katika kila 10 huzaliwa na kasoro, hivyo msichana au mama anayeweza kupata mimba aulize juu ya dawa nyingine kabla hajaianza. Vidonge vya usingizi kama diazepamu hutoa usiku mmoja wa nafuu, haviponyi kiwewe, na vikizoeleka kuviacha ni vita nyingine. Ukisoma haya na ukatambua dawa yako, usiiache ghafla. Rudi kwa aliyekuandikia, ubebe na kadi yako ya CTC, yaani kliniki ya VVU, kama unayo.

Watu huniuliza kama mwenye baipola anaruhusiwa kusimulia yaliyompata, wasije wakamchafua zaidi. Anaruhusiwa, akiwa ametulia. Siku amepanda sifungui habari ya ajali hata kidogo. Akiwa sawa kwa majuma kadhaa, analala, anakunywa dawa zake, tunaweza kuanza. Kuna tiba ya masimulizi iliyojaribiwa kwa wakimbizi wa kambi ya Nakivale, Uganda: mtu husimulia maisha yake yote kwa mpangilio tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya, mpaka lile tukio likapata mahali pake kati ya mambo yaliyokwisha kupita. Wasikilizaji kule walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Huku kwetu Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida walifundishwa kuongoza vikundi vya watoto waliofiwa na wazazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa katika sehemu nyingi dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto ambao hawakupata tiba hiyo. Mikoa yetu ina wataalamu wachache mno kulinganisha na wenye shida, kwa hiyo habari kama hizi hunipa moyo kwa dhati. Kazi kubwa ya uponyaji inaweza kufanywa na jirani aliyefundishwa vizuri.

Na hapo tunarudi kwa yule anayejua hukulala.

Siku mgonjwa yuko sawa, namwomba aje na mtu mmoja anayemwamini, na tunaandika makubaliano kwenye daftari la kawaida la shule. Mtu huyo si lazima awe mume au mke. Nimeona dada mkubwa, mwanakwaya mwenzake, shemeji, hata mama mwenye nyumba. Mgonjwa ndiye anayetamka dalili zake za mwanzo kwa maneno yake mwenyewe, na huwa ni vitu ambavyo hakuna kitabu kingevitaja. Mmoja aliniambia, “Nikianza kufua mapazia usiku, jua tayari.” Mwingine alisema akianza kuwapigia simu watu aliosoma nao shule ya msingi. Kisha anasema anaruhusu nini kifanyike. Pesa kwanza, kwa kuwa ndiyo huacha madeni na aibu: wengi hukubali laini ya simu yenye pesa ikae kwa mwenzao siku hizo, na mweka hazina wa kikoba aambiwe mapema kwamba asiidhinishe mkopo bila kumpigia mtu fulani. Kisha nani atamsindikiza kliniki, na kwa usafiri gani. Kisha maneno yasiyotakiwa. “Umeanza tena wazimu wako” huvunja makubaliano yote kwa sekunde moja.

Usiku nao una utaratibu wake. Mtu anayeweweseka asitikiswe wala kushikwa, kwa sababu katika ndoto ile mkono wako ni mkono wa aliyemdhuru. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie alipo na leo ni siku gani: “Kaka, uko nyumbani Uyole, leo Jumanne, mimi ni mdogo wako.” Mpe maji ya baridi ashike kikombe mwenyewe. Asubuhi andikeni kwenye daftari alilala kwa saa ngapi. Saa zikianza kupungua siku tatu mfululizo, msisubiri tarehe ya kliniki.

Sababu ya kufanya haya mgonjwa akiwa mzima ni kwamba kiwewe ni ugonjwa wa mtu aliyewahi kunyang’anywa uwezo wa kusema hapana. Ukimdhibiti bila ridhaa yake, hata kwa nia njema, unamrudisha pale. Akiwa ameandika mwenyewe na kuweka sahihi yake, anayemkumbusha hamwamrishi. Anatii alichosema yeye.

Kanisa lina nafasi kubwa huku, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, na sipingani nalo. Wagonjwa wangu wengi wanasimama kwa sababu kuna jumuiya inayowatembelea. Ninachoomba kwa wachungaji ni kwamba maombi na vidonge viende pamoja, na mkesha wa usiku kucha asialikwe mwenye baipola. Mpangieni ibada ya mchana. Wachungaji niliowaeleza habari ya usingizi wameelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Kuna utani unaojulikana nchi nzima kwamba Mhehe akiudhiwa anajiua. Nawaomba tuuache. Nimekaa na mama wa Iringa aliyeshindwa kusema kwamba mwanawe anazungumzia kufa, kwa kuogopa kwamba wauguzi watacheka. Juu ya hayo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia hudanganya hospitali kwamba ilikuwa ajali. Natamani kifungu hicho kifutwe. Mpaka hapo, nisikieni: kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kushusha mzigo. Uliza, kisha ukae naye, ondoa nyumbani dawa za shamba na vitu vya hatari, umlete.

Kwa walio mbali, Makete, Ludewa, Ileje, ombeni dawa za miezi miwili kabla mvua hazijaharibu barabara, na mkubaliane na kliniki kama ndugu anaweza kuzichukua. Magonjwa ya akili yamo katika yale yanayostahili msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali. Ukikwama dirishani, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii. Na mtu akikesha siku tatu, akisikia sauti, au akisema anataka kufa, hospitali ya wilaya inampokea saa yoyote bila miadi. Mkifika, mwambieni muuguzi wa zamu mambo mawili kabla ya mengine yote: kwamba ana baipola, na kwamba asishikwe ghafla kutoka nyuma.