Lenzi moja kwa picha na video: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapiga picha wengi wa Arusha na Moshi siku hizi hufanya kazi mbili kwa kamera moja: asubuhi kanisani wanapiga picha za mnato, jioni ukumbini wanachukua video ndafu ikiingia. Wakienda kununua lenzi, wengi huuliza kama inatoa picha kali, basi. Kwa picha za mnato swali hilo linakufikisha mbali. Video inataka zaidi, kwa sababu inaonyesha kila kitu lenzi inachofanya ikiwa kazini: inavyotafuta fokasi, inavyovuta kitu karibu (zoom), hata inavyonguruma.

"Lenzi yenye picha kali itatoa na video nzuri." Hii ndiyo inayowapotezea vijana wetu pesa nyingi. Fremu moja ya video ya 4K ina pikseli kama milioni 8.3, wakati kamera nyingi hupiga picha za milioni 24. Kwa hiyo kwa ukali, video haidai makubwa. Inadai lenzi iliyotulia. Chukua ile 18-55mm f/3.5-5.6 inayouzwa pamoja na kamera: milimita ni kadiri inavyovuta, na f ni tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Anza kwa 18mm tundu likiwa wazi kabisa, kisha vuta hadi 55mm: tundu linapungua lenyewe, na mwanga unaobaki ni kama asilimia 40 ya ule wa mwanzo. Kwenye picha kamera inafidia na hakuna anayejua. Kwenye video bibi harusi anaingia akiwa anang'aa, anafika madhabahuni akiwa gizani, au ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, inapanda katikati na chembechembe zinajaa.

Kama hiyo ndiyo lenzi uliyo nayo, weka f/5.6 kabla hujaanza kurekodi; tundu halitabadilika ukivuta. Ukipata pesa, nunua yenye tundu lisilobadilika, kama 24-105mm f/4 au 24-70mm f/2.8. Kwa anayefanya kazi zote mbili peke yake, mimi ningeanza na ya kwanza. Inafika mbali zaidi, na kwenye misa huna nafasi ya kubadilisha lenzi.

Ukiwa dukani, usiishie kupiga picha ya ukutani na kuikuza. Washa video, elekeza fokasi kwenye kidole chako kilicho karibu, kisha kwenye mlango. Tazama kama fremu nzima inapanuka na kusinyaa fokasi inapohama; lenzi nyingi za picha zina tabia hiyo, na pete ikivishwa kidoleni itaonekana wazi. Halafu vuta ukiwa unarekodi uone kama fokasi inapotea. Mwisho sikiliza sauti: mota za lenzi nyingi za zamani huingia kwenye maikrofoni ya kamera, ilhali zile za Canon zenye alama ya STM zilitengenezwa ziwe kimya na laini.

"Ukumbi una giza, kwa hiyo nunua f/1.4." Mwanga utapata, lakini pima unachotoa. Kwenye kamera yenye sensa kubwa (full frame), kile kipande cha ndani kinachopokea picha, lenzi ya 85mm kwa f/1.4, mtu akiwa mita 2 mbele yako, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha kama sentimita 5. Picha ya uso uliotulia itapendeza sana. Ila maharusi wanaolishana keki huku wakicheka hawatakaa ndani ya sentimita 5. Kwa 50mm na f/2.8, umbali uleule, unapata kama sentimita 27, na hapo video inawezekana.

Tundu kubwa lina shida nyingine, nayo iko juani. Video ya fremu 25 kwa sekunde kwa kawaida hupigwa kwa shata ya 1/50, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na kasi hiyo inaendana pia na taa zetu za umeme wa hezi 50. Saa sita mchana pale Mnara wa Saa, kwa ISO 100, shata hiyo inataka tundu la f/22 hivi. Kwenye picha ungepandisha shata hadi 1/3200 ukabaki na f/2.8 yako. Kwenye video huwezi bila mwendo kuonekana wa kukatika-katika. Unahitaji filta nyeusi ya ND inayopunguza mwanga hatua 6 (kila hatua huukata nusu), yaani ND64. Nasisitiza: inunue kabla ya lenzi ya pili. Chagua kipenyo cha lenzi yako kubwa kuliko zote, nyingine zenye kipenyo kidogo utazifungia kwa pete ya kuunganishia.

"50mm ni 50mm popote." Namba haibadiliki, lakini kwenye sensa ndogo ya APS-C utaona kama unatumia 75mm, au 80mm kwa Canon. Kwenye sebule ya Majengo yenye ndugu ishirini, mgongo wako utakuwa ukutani na bado shangazi hayumo.

"Kidhibiti mtikisiko kitagandisha wachezaji." Kinatuliza mikono yako tu. Anayeruka utamgandisha kwa shata.

"Lenzi ndefu italeta Kibo karibu." Ukiwa Moshi mchana, itavuta pia vumbi, ukungu na hewa ya moto iliyo katikati, na video itatetemeka hata kamera ikiwa juu ya stendi. Alfajiri, kabla mawingu hayajafunika mlima, hata lenzi ya kawaida inakutosha.

"Kamera mpya haina kioo cha kuakisi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani tupa." Usitupe. Lenzi za Canon EF, za kamera za zamani zenye kioo, zinafungika kwa adapta kwenye kamera mpya za RF zisizo nacho, na fokasi ya otomatiki inaendelea kufanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani, kwa hiyo usinunue lenzi ya RF kwa ajili ya kamera ya zamani. Lenzi ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma kabla ya kulipa. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi, hiyo ni kuvu ya unyevu, mrudishie mwenyewe.