Hao Watu 399 Umewatoa Wapi?

Jumamosi iliyopita, baada ya kipindi cha wanafunzi wa uzamili wanaosoma huku wakifanya kazi, mwanafunzi mmoja aliniletea sura ya tatu ya tasnifu yake, inayohusu ubora wa huduma na uaminifu wa wateja wa benki moja hapa Dar es Salaam. Aliniamkia, akakaa, akafungua ukurasa alioukunja pembe, kisha akasema kwa fahari isiyofichika: "Dokta, suala la sampuli nimeshalimaliza. Ni watu 399, kwa fomula ya Yamane." Nilimuuliza watu hao atawapata wapi. Alijibu kwamba atasimama mlangoni mwa tawi saa za mchana na kuwapa dodoso wateja watakaokuwa tayari kujaza. Nikamuuliza kama haoni tatizo lolote hapo. "Tatizo litatoka wapi, Dokta, na fomula imekubali?"

Fomula imekubali. Nimesikia kauli hiyo kwa sura nyingi, na kila mara nimeieleza kwa dakika tano, huku mtu mwingine akigonga mlango. Safari hii nimeona niiandike, ili mwingine akija nimpe anwani ya blogu hii na mimi niendelee na chai yangu.

Tuanze na fomula yenyewe, n = N/(1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya watu wote unaowachunguza (kwake wateja 120,000), n ni idadi ya watu wa sampuli, na e, ambayo kwa kawaida huwekwa 0.05, nitaieleza hivi punde. Fomula hiyo Taro Yamane aliiweka katika kitabu chake cha utangulizi wa takwimu, na ambacho toleo lake la 1967 hunukuliwa na watu wengi kuliko waliowahi kulishika. Ndani ya mstari huo mfupi mna mambo matatu ambayo hayaonekani kwa macho. Kwanza, kinachokadiriwa ni uwiano mmoja tu, yaani asilimia ya watu wenye sifa fulani ya ndiyo au hapana. Pili, uwiano huo umechukuliwa kuwa nusu, kwa kuwa nusu ndiyo hali inayodai sampuli kubwa kuliko hali nyingine zote. Tatu, kiwango cha uhakika ni asilimia 95, ila badala ya 1.96, namba inayoendana na asilimia hiyo, imewekwa 2 ili hesabu iwe nyepesi. Sasa fanya hesabu, ambayo ni kuzidisha kipeo cha pili cha hiyo 2 kwa uwiano na kwa kilichobaki cha uwiano, kisha kugawanya kwa e kwa kipeo cha pili: 2 kwa kipeo cha pili ni 4, 0.5 mara 0.5 ni 0.25, na 4 mara 0.25 ni 1. Moja ukiizidisha na kitu chochote haiachi alama, na ndiyo sababu fomula inaonekana safi kama haina dhana yoyote ndani yake. Ukiigawa hiyo 1 kwa 0.0025, ambayo ni 0.05 kwa kipeo cha pili, unapata 400, na hapo ndipo dari ya Yamane ilipo.

Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linafanya kazi hiyohiyo bila kukadiria 1.96 kuwa 2: wao wanatumia 3.841 ya kai-mraba, yaani 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.25, gawanya kwa 0.0025, na jibu ni 384. Wanafunzi wangu wamegawanyika kati ya 384 na 400 kama Simba na Yanga, wasijue kwamba timu zote mbili zina kocha mmoja.

Jambo linalonikera kuliko yote ni herufi e. Karibu kila rasimu ninayosoma imeandika, chini ya fomula, kwamba e ni kiwango cha umuhimu wa kitakwimu, kwa sababu tu 0.05 inafanana na ile 0.05 ya sura ya nne ambako nadharia tete hukataliwa au hukubaliwa. Hizi ni 0.05 mbili tofauti ambazo zimekutana sokoni tu. Herufi e ni kiasi cha kukosea unachokubali kukivumilia: ikiwa asilimia 60 ya sampuli yako wameridhika na huduma, unadai kwamba katika wateja wote asilimia hiyo ipo kati ya 55 na 65. Haihusiani na uwezekano wa kukataa nadharia tete iliyo kweli.

Ubaya wa kosa hili unaonekana pale mwanafunzi anapoona watu 399 ni wengi, naye hana fedha ya kuchapisha madodoso wala likizo ya kuyagawa. Hubadilisha e kuwa 0.1, fomula ikampa watu 100 kwa wateja wake 120,000, na yeye akaandika kwa utulivu kabisa kwamba ametumia "kiwango cha uhakika cha asilimia 90". Hapana. Kiwango cha uhakika kimefungiwa ndani ya ile 2 iliyoyeyuka, kwa hiyo bado ni asilimia 95. Kilichobadilika ni kwamba sasa unavumilia kukosea kwa pointi 10 kila upande, na ile asilimia 60 ya walioridhika inaweza kuwa 50 au 70. Kama kweli ulitaka uhakika wa asilimia 90 na kukosea kwa pointi 5, ungeweka 1.645 badala ya 2, na ungehitaji watu wapatao 271. Kati ya 100 na 271 kuna pengo ambalo siwezi kulisahihisha kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa, na bado nimeona tasnifu zilizopitishwa, zenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu, zikiwa na sentensi hiyo.

Imani nyingine, kwamba kundi kubwa linahitaji sampuli kubwa, nitaipitia haraka. Kwa watu 10,000 Yamane anakupa 385. Kwa Watanzania wote 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, anakupa 400. Ongezeko la zaidi ya watu milioni 61 limekudai madodoso 15, basi. Upande wa pili ndio unaochekesha: mwanafunzi ana mameneja 40 katika kampuni, fomula inampa 37 baada ya kukadiria kwenda juu, naye anawaacha watatu. Watatu hao wamekosa nini? Waulize wote 40 uandike kwamba umefanya sensa. Hakuna jopo litakalokushitaki.

Nirudi mlangoni mwa benki, kwa sababu hapo ndipo hesabu zote hizi zinapopoteza maana. Nendeni soko la Tandale mkamwangalie mnunuzi wa mchele aliyekomaa. Hatosheki na mchele aliomwagiwa kiganjani kutoka mdomo wa gunia, kwa kuwa anajua juu huwekwa mchele wa Kyela na chini hufichwa chenga. Anachukua bambo, anachoma tumboni mwa gunia, anachoma chini karibu na mshono, anachoma ubavuni, na punje zinazoteremka kwenye mfereji wa kile chuma hazizidi ujazo wa kiganja. Mwenye mali akimwambia, "Ongeza kuchota hapo juu, mzee, chota hata kilo nzima," atamcheka, kwa sababu kilo nzima kutoka juu ni habari ya juu tu. Mnunuzi huyo hajui Yamane ni nani, lakini anajua kwamba wingi wa punje haufidii mahali ulipochomea.

Fomula imejengwa juu ya sharti kwamba kila mteja kati ya wale 120,000 ana nafasi sawa na inayojulikana ya kuingia katika sampuli. Mlangoni mwa tawi saa za mchana, anayefanya miamala yake kwa simu au kwa wakala hana nafasi yoyote. Mhasibu wa duka anayeleta mauzo kila siku ana nafasi kubwa mara nyingi kuliko mstaafu anayekuja mara moja kwa mwezi. Mwenye haraka anakataa dodoso, na huenda haraka yake imetokana na foleni, ambayo ndiyo ubora wa huduma unaoupima. Zaidi ya hayo, utafiti wenyewe unahusu uaminifu wa wateja. Walioudhika wakahamia benki ya jirani hawapo mlangoni! Umewauliza waliobaki kama wamebaki, ukapata kwamba uaminifu ni mkubwa, ukapendekeza uongozi uendelee na juhudi zake nzuri. Watu 399 au 3,990, jibu lingekuwa lilelile, isipokuwa kosa lingekuwa limeandikwa kwa desimali nyingi zaidi. Mfano wa jarida la Literary Digest la Marekani, lililopokea kura za maoni zaidi ya milioni mbili mwaka 1936 na bado likampa Landon ushindi wa urais dhidi ya Roosevelt, ambaye ndiye aliyeshinda, mmeufundishwa wote, na wote mmeujibu vizuri kwenye mtihani kabla ya kwenda kusimama mlangoni.

Kuna wanaojitetea kwamba wamechagua matawi manane kwa nasibu, kisha wateja 50 katika kila tawi, jumla 400. Afadhali, lakini hao si watu 400 kwa maana ya fomula. Wateja wa tawi moja hupanga foleni moja, huhudumiwa na karani mmoja, hulalamikia mashine moja mbovu, na kwa hiyo majibu yao hufanana. Kufanana huko hata kukiwa kudogo, tuseme 0.05 kwa kipimo ambacho 1 ni kufanana kabisa, uzito wa sampuli hupungua kwa kugawanywa na 1 + (50 − 1) × 0.05, yaani 3.45, na watu wako 400 wanabaki na taarifa inayolingana na ya watu 116 waliochaguliwa mmojammoja. Ni heri matawi 20 yenye wateja 20 kila moja, ingawa nauli itaongezeka. Sijawahi kuona hesabu hii katika sura ya tatu ya mwanafunzi yeyote wa MBA, na sitawalaumu sana, kwa sababu mihadhara yetu huigusa kwa dakika kumi kabla ya mapumziko.

Halafu kuna swali ambalo ilipasa liulizwe mwanzo: je, huyu mwanafunzi anakadiria asilimia? Hakadirii. Anatumia maswali 22 ya SERVQUAL, dodoso linalojulikana la kupima ubora wa huduma, anayakusanya katika vipimo vitano, anachukua wastani wa mizani ya Likert ya 1 hadi 5, kisha anaingiza vipimo hivyo katika regresheni, hesabu ya kuona kila kipimo kinahusianaje na uaminifu. Kama angetaka wastani tu, na majibu ya watu yakawa na mchepuko (kiasi cha kutawanyika kutoka kwenye wastani) wa 0.8, watu 62 wangemtosha kukadiria kwa kukosea kusikozidi 0.2. Kwa regresheni yenye vigezo vitano, kanuni ya Green ya 1991, 50 + 8m, ambapo m ni idadi ya vigezo, inataka watu 90. Fomula yake imejibu kwa usahihi swali ambalo tasnifu yake haikuuliza.

Hapa sina budi kukiri mambo ambayo vitabu vya mbinu za utafiti huyaruka. Hiyo 50 + 8m ninayoitaja kwa kujiamini nayo ni kanuni ya kukadiria, iliyojengwa juu ya dhana kwamba athari unayoitafuta ni ya wastani. Programu ya G*Power, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, inaonekana ya kisayansi zaidi, lakini kitu cha kwanza inachokuuliza ni ukubwa wa athari hiyo, yaani kitu kilekile unachoenda kukitafuta. Ukiiambia 0.15, yaani athari ya wastani, ukitaka uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua athari hiyo kama ipo, itakupa watu 92, ukiiambia 0.02, yaani athari ndogo, itavuka 600. Nani kamwambia mwanafunzi wangu kwamba athari ya lugha nzuri ya karani kwa uaminifu wa mteja ni 0.15? Mimi. Na mimi nimeambiwa na nani? Nimekisia, kwa kuangalia tafiti za aina hiyo, ambazo nyingi zilikusanywa mlangoni.

Kuna aibu nyingine ya zamani. Tasnifu yangu mwenyewe ya uzamili ilikuwa na fomula ya Yamane, wafanyabiashara niliowapata kwa kujuana, na jedwali lililosifu kiwango cha urejeshaji wa madodoso bila neno hata moja juu ya waliokataa. Nilipata alama nzuri na kupeana mikono na wanajopo.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo hatukufukuzana. Tulikaa saa nzima na karatasi. Jambo la kwanza nililomtaka afanye ni kuandika barua benki, kuomba namba za mfuatano za wateja zisizo na majina, ili achukue mmoja kila baada ya 300, na waliofunga akaunti nao wawemo. Binafsi natarajia wakatae, na wana haki ya kukataa. Wakikataa, atachagua matawi mengi badala ya moja, atapiga kura ya siku na saa, atasimamisha kila mteja wa kumi anayetoka hata kama uso wake haukaribishi, atamuuliza huja tawini mara ngapi kwa mwezi ili baadaye uzito wake upunguzwe ipasavyo, na atahesabu kila aliyekataa. Akipata watu 200 kwa njia hiyo nitaridhika, mradi katika sura ya tano aseme wazi kwamba utafiti wake unawahusu wateja wanaofika tawini, si wateja wote.

Alikunja karatasi zake, akafika mlangoni, akageuka. "Sasa, Dokta, fomula niitoe?" Nilitaka kumwambia aitoe. Kisha nikawakumbuka wanajopo wawili ambao swali lao la kwanza, kila siku ya utetezi, ni fomula gani imetumika. Tumekubaliana ibaki katika aya moja, ikiwa na sentensi inayoeleza kwa nini hakuifuata, na kwamba siku hiyo nitakaa safu ya mbele.